Verlyn Anauliza Mara Tatu

Ukimkaribisha Verlyn Tostrud kahawa, atasema hapana. Ukimkaribisha tena, atasema asante, amekunywa nyumbani. Mara ya tatu atasema basi, nusu kikombe, kama ipo tayari na kama mlikuwa mnataka kuimwaga. Kisha atakunywa vikombe viwili na kula keki ya limau, na akifika kipande cha mwisho atakikata nusu, na ile nusu ataikata nusu, mpaka kinachobaki kwenye sahani kinahitaji miwani kukiona. Si unafiki. Ndivyo watu wa Nordby walivyolelewa, na mtu anayekubali jambo mara ya kwanza wanamwona kama kaingia sebuleni na viatu vya matope.

Mimi niliingia mji huu kwa ndoa, na mwaka wa kwanza niliwashindisha njaa wageni wangu wote. Nilikuwa nawakaribisha mara moja, kwa moyo mkunjufu, wakisema hapana naondoa sahani. Mama mkwe akanivuta jikoni akanieleza kwa sauti ya chini kwamba shangazi zake wamerudi kwao na njaa na kwamba hakuna aliyelalamika, maana yake wamelalamika sana. Tangu siku hiyo nauliza mara tatu na sijawahi kubakiwa na chakula. Jina langu ni Mwanaidi. Hapa wananiita Ida, kwa kuwa Ida tayari walikuwa nao.

Nakaa mapokezi ya hospitali ya Nordby, kaskazini mwa Minnesota, Marekani. Verlyn alikuwa mtu wa kompyuta wa hospitali hiyo, yeye peke yake, kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya dobi. Chumba kilinuka sabuni na yeye pia alinuka sabuni. Ninachotaka kusimulia ni ile vuli ambayo kazi yake ilining'inia kwenye uzi, na jinsi kila mtu alivyokuwa na adabu mpaka mwisho.

Kwanza kazi yenyewe. Hakuna programu ya kompyuta isiyo na tundu. Walioitengeneza wanaligundua tundu, wanashona kiraka, wanakitangaza. Na siku wanapotangaza kiraka ndiyo siku wezi wote duniani wanapojua tundu liko wapi. Baada ya hapo ni mbio. Viraka vingi hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, na Jumanne hiyo Verlyn alivaa tai. Alivijaribu kwanza kwenye kompyuta kuukuu mbili alizoziweka mezani kwake, akaona hazijafa, kisha akavigawa hospitali nzima.

Shida haikuwa kiraka. Shida ilikuwa kwamba kiraka hakishiki mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya, na hakuna mtu kazini anayependa kuzimiwa kompyuta yake. Verlyn angeweza kuzizima zote kutoka chumbani kwake kwa kidole kimoja. Aliona hilo ni sawa na kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Kwa hiyo aliandika kidirisha chake mwenyewe. Asubuhi kilitokea kwenye kioo kikisema: "Samahani kwa usumbufu. Kuna kiraka kimefika. Ungependa kuwasha upya?" Wote wakabonyeza Hapana, Asante. Baada ya chakula cha mchana kikarudi: "Ni mimi tena. Hakuna haraka." Wakabonyeza Hapana, Asante. Kesho yake asubuhi: "Kiraka bado kipo, kisije kikaharibika." Hapo hospitali nzima, kuanzia wauguzi hadi wafua shuka, wakakubali. Katika miaka yote niliyokaa pale kompyuta zetu hazikuwahi kupitisha siku tatu bila kiraka, na hakuna aliyejua kwamba hilo ni jambo la ajabu.

Halafu akaja mkurugenzi mpya, Gary Palumbo, kutoka New Jersey. Nasema mapema kwamba Gary ni mtu mwema, maana mtu akisikia hadithi hii humchukia. Gary husema neno mara moja na husikia neno mara moja. Wiki yake ya kwanza alizunguka vyumba vyote akiuliza kila mtu anafanya nini. Alipofika nyuma ya dobi akamwuliza Verlyn, "Na wewe hapa unafanya nini?"

"Aa, si kitu kikubwa," akasema Verlyn.

Gary akamwamini.

Ikatokea kampuni moja ya mji mkubwa, inayoangalia kompyuta za hospitali nyingi kwa wakati mmoja kutoka jumba la vioo, ikaja na maneno matamu. Gary akawapa miezi mitatu ya majaribio tangu Septemba. Wakichukua kazi, nafasi ya Verlyn inafutwa mwisho wa mwaka. Wakikataliwa, anabaki. Verlyn akaambiwa awakabidhi funguo za mitambo na awe akiangalia tu. Akawakabidhi, akawapikia na kahawa.

Kwa Nordby hiyo ndiyo ilikuwa kazi pekee ya aina yake. Nyingine iko mjini, mwendo wa saa nne kwa gari wakati hakuna theluji, na wakati wa theluji nyingi ni bora usiulize. Mkewe Janelle hawezi kuhama: mama yake yuko kwenye nyumba ya wazee iliyoungana na hospitali yetu, hali chakula cha mchana mpaka Janelle amshikie kijiko. Verlyn naye hajawahi kula chakula cha jioni bila Janelle tangu waoane. Haya yote alinieleza yeye mwenyewe huku akitazama mashine ya soda.

Nikamwambia, "Si uende umwambie Gary kwamba unaitaka kazi yako?"

"Anajua."

"Anajuaje?"

"Nakuja kila siku," akasema.

Nilimtolea macho. Nimekaa na watu hawa muda mrefu na ninawapenda, lakini kuna siku natamani niwashike mabega niwatikise. Watakufa na tai shingoni.

Kampuni ikaondoa kidirisha cha Verlyn ikaweka chao. Kilikuwa kizuri, cha buluu, na kiliuliza mara moja: sasa, au baada ya siku thelathini? Mimi mwenyewe nilibonyeza siku thelathini bila kufikiri. Nilikuwa nimeshageuka mtu wa hapa bila kujua.

Mwezi wa Novemba, wiki inayoisha kwa kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, tundu likatangazwa kwenye ile programu ambayo hospitali huitumia kutumiana picha za eksirei na majibu ya vipimo. Karibu kila hospitali ya nchi hii inayo. Kiraka kilitoka siku hiyohiyo, ila wezi nao walishaamka. Jumatano asubuhi tukasikia hospitali ya kaunti jirani imefungiwa kila kitu: majalada, dawa, ratiba, mpaka mlango wa gereji ya magari ya wagonjwa. Wauguzi wao walikuwa wanaandika kwa kalamu migongoni mwa bahasha, na wagonjwa wao mahututi wakaanza kuletwa kwetu.

Gary akaita kikao. Mtu wa kampuni alikuwa kwenye simu katikati ya meza.

"Swali moja," akasema Gary. "Sisi tumeziba au hatujaziba?"

"Watumiaji wote wameshaarifiwa, kwa asilimia mia," ikasema simu.

"Safi. Kuna mwenye neno?"

Verlyn akakohoa. "Pengine," akasema, "kama kuna mtu ana nafasi, isingekuwa vibaya kuangalia kama walikubali."

Msimamizi wa wauguzi akaweka mkono kifuani. Mtu wa Nordby kusema hivyo kikaoni, mbele ya mgeni aliye kwenye simu, ni sawa na kuvunja kioo cha kengele ya moto kwa kiwiko.

"Asante, Verlyn," akasema Gary. "Kingine? Hakuna? Haya, tukafanye kazi."

Nikamfuata Gary mpaka ofisini, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Bosi, umemsikia Verlyn?"

"Nimemsikia. Kasema si vibaya kuangalia."

"Kapiga mayowe ya moto."

"Kwa sauti ile?"

"Ndiyo sauti yake ya moto. Hana nyingine."

Gary akajishika kichwa. "Ida, nisaidie. Mtu akiona moto si aseme moto? Kwetu ukiona moto unasema moto, unatukana juu yake, halafu unamrushia mtu ndoo. Nyinyi watu mna nini?"

"Piga simu, bosi. Uliza ni wangapi waliokubali."

Akapiga. Simu ikasema watumiaji wengi walichagua kuahirisha.

"Wengi ndiyo wangapi?"

"Wote, isipokuwa mmoja."

"Huyo mmoja ni nani?"

Tukasikia mtu anabonyezabonyeza. "Ni G. Palumbo."

Gary akatazama kompyuta yake kama ndugu wa pekee aliyebaki. Kisha akauliza kama wanaweza kuzizima zote na kuziwasha upya kutoka huko huko mjini. Simu ikasema inawezekana, ila nyingine zimeunganishwa na vifaa vya wagonjwa na sharti awepo mtu wa kusimama kando, na mtu wao wa upande wa kaskazini hapatikani mpaka Jumatatu. Alikuwa amekwenda kuwinda kulungu.

Ijumaa adhuhuri nusu ya hospitali yetu nayo ingekwenda kuwinda, na kompyuta zingebaki zimewaka bila mtu wikiendi nzima. Gary akashuka mwenyewe nyuma ya dobi.

"Verlyn, una mpaka Ijumaa mchana. Unaweza?"

"Tunaweza kujaribu."

Gary akanigeukia mimi. "Hiyo ni ndiyo?"

"Hiyo ni ndiyo kubwa," nikamwambia.

Verlyn akavaa tai, ingawa haikuwa Jumanne, akaanza mlango kwa mlango. Ilikuwa kazi ya mguu na mdomo. Anaingia, anauliza habari za watoto, anasema kuna kiraka. Mwenye ofisi anasema aa, usijisumbue kwa ajili yangu. Mwenye ofisi anamkaribisha kahawa. Verlyn anasema aa, usijisumbue kwa ajili yangu. Hivyo wanakataliana, kiraka upande huu na kahawa upande ule, mpaka raundi ya tatu, hapo wote wawili wanakubali kwa pamoja na kompyuta inazimwa. Alhamisi jioni alikuwa amemaliza karibu jengo zima na mikono yake inatetemeka kwa kahawa.

Ijumaa asubuhi ikabaki maabara.

Mkuu wa maabara ni Arlys Brekke, mwanamke mrefu, mkavu, mtani wangu mkubwa. Kompyuta yake imeungana na mashine ya kupima damu, na inatuma majibu kupitia ile ile programu yenye tundu. Miaka miwili nyuma kiraka kimoja kiliizimisha mashine ile nusu siku, na wodi ya wazazi kulikuwa na mama anavuja damu. Sampuli ikapelekwa kwa gari mji wa pili. Mama akapona. Arlys hakupona. Nilikwenda na Verlyn kwa kisingizio cha kupeleka fomu za wagonjwa, maana nilijua pale patakuwa na kazi.

"Arlys, hujambo? Kuna kiraka," akasema Verlyn.

"Sijambo. Hapana, Verlyn, asante. Umekula?"

"Nimekula, asante. Kiraka chenyewe ni kidogo."

"Nina damu ya wagonjwa sita hapa, na wanne wameletwa kutoka kwa jirani. Hapana, baba. Keki ipo."

"Nisingependa kukusumbua. Ila kiraka kipo, Arlys, na leo ndiyo Ijumaa."

Hiyo ilikuwa ya tatu. Arlys akaweka mirija ya damu chini, akapangusa mikono, akamtazama usoni, jambo ambalo hapa hawalifanyi hovyo.

"Hapana," akasema.

Hapana ya tatu ni hapana ya kweli. Hakuna mtu Nordby anayeuliza baada ya hapo. Watu wamegawana mashamba kwa hapana ya tatu, na hakuna aliyerudi kuuliza. Mimi nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, maana niliona aibu kwa niaba yao wote. Verlyn hakusogea. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nakuuliza tena," akasema.

Mashine ya damu ikaendelea kunguruma. Msaidizi wa Arlys aliyekuwa kwenye kona akajifanya anatafuta kitu droo ya chini kabisa.

"Verlyn," akasema Arlys polepole, "hiyo ni ya nne."

"Najua."

"Umekasirika?"

"Kidogo," akasema Verlyn.

Arlys akainuka kwenye kiti. "Mama wee," akasema. "Ungesema mapema." Akamaliza sampuli iliyokuwa ndani ya mashine, akamwachia nafasi, akaanza kupanga hadubini na vioo ili zile nyingine azisome kwa macho, kama zamani. Verlyn akakaa. Aliizima kompyuta, akaweka kiraka, akaiwasha, na mashine ya damu haikuamka. Aliizima tena, akachomoa waya fulani, akauchomeka, akaweka viganja juu ya mapaja akasubiri. Verlyn alikuwa na jasho mgongoni, shati lote, na nje ilikuwa baridi ya kupasua midomo. Kisha taa ya kijani ikawaka na mashine ikaanza kunguruma. Arlys akatia sampuli, akasoma jibu, akalilinganisha na aliloona kwa hadubini.

"Ni lilelile," akasema. "Kahawa?"

"Hapana, asante," akasema Verlyn.

Adhuhuri maegesho yakabaki nusu tupu, wawindaji wote wamekwenda porini na makoti yao ya rangi ya chungwa.

Jumamosi wezi wakaja. Hilo nilijua baadaye kutoka kwa Gary. Mitambo ilionyesha walivyobisha mlango mmoja baada ya mwingine, siku nzima, wakikuta umezibwa, wakaenda zao. Jumatatu watu wakarudi kazini wakibishana nani kaua dume lenye pembe ndefu. Mhasibu wetu alikuwa amekipiga risasi kioo cha gari lake mwenyewe na ndiyo ikawa habari ya wiki. Hakuna aliyezungumzia kompyuta, kwa sababu hakukuwa na la kuzungumza. Jirani zetu waliofungiwa walitoka kwenye televisheni. Sisi tuliendelea kuandikisha wagonjwa.

Jumatatu hiyo nilimwona Verlyn akiitwa ofisini kwa Gary. Alitoka baada ya muda mfupi, akapita mbele yangu, akaniinamia kichwa, akarudi dobi. Nilikuwa na mwindaji aliyeanguka kutoka juu ya mti na mke wake aliyekuwa anamgombeza, kwa hiyo sikuuliza. Kesho yake Verlyn alikuja na tai. Keshokutwa yake pia. Nikadhani mambo yamenyooka, na kwamba ameamua kuvaa vizuri kama mtu aliyehakikishiwa.

Wiki iliyofuata, mbele ya mashine ya soda, nikamtania. "Naona siku hizi unapendeza. Umeoa mke wa pili?"

Akacheka kwa pua. Kisha akasogea karibu. "Gary kaniuliza," akasema.

"Kakuuliza nini?"

"Kama nabaki. Kasema niliokoa hospitali. Kasema kampuni ataiacha, anataka mimi."

Nilimkumbatia, na hapa hawakumbatiani. Akavumilia. "Lini?" nikamwuliza.

"Jumatatu ile. Baada ya kuwinda."

"Na hukuniambia! Ukamjibuje?"

"Nikasema hapana, bila shaka," akasema Verlyn. "Nikasema asijisumbue kwa ajili yangu, wale vijana wa kampuni wanaonekana wazuri."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu kasema asante. Nasubiri."

"Unasubiri nini, Verlyn?"

Akanitazama kama nimeanza kuugua. "Mara ya pili," akasema.

Sikumbuki nilivyofika kwa Gary. Nakumbuka sikubisha hodi. Nikamwambia, "Bosi, kamwulize tena. Sasa hivi. Akikataa, mwulize tena. Ya tatu atakubali."

Gary alikuwa anakula mkate wa nyama. Akauweka chini. "Kanikatalia, Ida."

"Hajakukatalia! Amekuwa na adabu!"

"Mtu mzima nimemwuliza, unataka kubaki, kaniambia hapana, na kanieleza sababu. Nimfanye nini, nimbembeleze? Babangu alibeba mizigo bandarini miaka thelathini chini ya bosi ambaye ukimwambia hapana hasikii. Kila Jumapili anaitwa, anasema hapana, anakwenda. Nikaapa, siku nikiwa bosi, hapana ya mtu itakuwa hapana." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Nilimheshimu!"

"Najua ulimheshimu. Wapigie kampuni. Waambie umekosea."

Akasukuma mkate pembeni, na hapo nikajua. Bodi ilikuwa imekutana jana yake. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, umetiwa saini na mwenyekiti, na yeye Gary ndiye aliyeomba upitishwe haraka, kwa kuwa hospitali haiwezi kuingia mwaka mpya bila mtu wa kuweka viraka na mtu aliyemtaka alikuwa amekataa. Alikuwa amewalazimisha kampuni waahidi kumleta mtu kusimama kando kila mwezi. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa.

"Kumbe alikuwa anaitaka," akasema Gary.

"Anaitaka sana."

"Angesema neno moja tu. Moja!" Alipiga meza na mkate ukaruka. Macho yake yalikuwa mekundu na mimi nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na Verlyn pamoja na mji mzima wenye kukata keki vipande visivyoonekana. "Nikamwambie mimi?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Wewe utamwambia mara moja tu. Niachie."

Nikashuka nyuma ya dobi. Verlyn alikuwa amewasha zile kompyuta kuukuu mbili na anajaribu viraka vya Novemba, ingawa havikuwa kazi yake tena tangu Septemba. Nilifunga mlango, nikakaa juu ya ndoo ya sabuni.

"Verlyn, Gary hatakuuliza tena."

"Ana mambo mengi wiki hii," akasema.

"Si wiki hii. Hatakuuliza kabisa. Kwao wanauliza mara moja. Mkataba umeshatiwa saini."

Akaendelea kutazama kioo. Mstari wa buluu ulikuwa unatembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akausubiri mpaka ukafika.

"Kwa hiyo ile ya kwanza," akasema, "ndiyo ilikuwa yote."

"Ndiyo ilikuwa yote."

"Alikuwa anauliza kweli."

"Kweli kabisa. Alikuwa anakutaka wewe."

Akavua miwani akaifuta kwa tai, upande mmoja, kisha upande mwingine. Nilisubiri aseme kitu kibaya, nilitamani aseme, ningemsaidia na matusi ya kwetu. Nikamwambia kwamba Arlys yeye alimwuliza mara ya nne, yeye Verlyn, na mbingu hazikuanguka, na kwamba hata sasa anaweza kupanda ngazi akamwambie Gary aivunje ile saini, Gary angeivunja hata kwa meno.

"Ile ilikuwa ya hospitali, Ida," akasema. "Hii ni ya kwangu." Kisha akasema, "Usimwambie Gary kwamba nilikuwa nasubiri. Atajisikia vibaya."

Nikamwambia nimeshamwambia, na kwamba mimi nataka kulia. Akasema nilie tu, mashine za dobi zina kelele, hakuna atakayesikia. Nikalia. Yeye akanisogezea kitambaa cha kufutia vioo, na nilipokikataa akanisogezea tena, kisha akainua simu kumpigia Janelle. Alianza na habari za theluji, akaenda kwa mama mkwe, kama amekula vizuri, kama alikula na ile supu, akauliza kama matairi ya gari yanafaa kwa safari ndefu, na mimi nikatoka.